Taimingi Kwanza, Jeti Baadaye: Mwongozo Kamili wa Kupanga Injini ya Kabureta kwa Mbio za Robo Maili

Picha ninayotumiwa zaidi ni ya plagi nne zilizolazwa juu ya gazeti, nyeusi tii, na swali moja chini yake: "Fundi, niweke jeti gani?" Jeti ni kipande chenye tundu dogo linalopima petroli inayoingia kwenye injini, na swali hilo halina jibu. Plagi hizo zilichafuka gari likiwa sailensi kwenye foleni, yaani injini ikiunguruma bila kukanyagwa mafuta, kisha likirudi taratibu mpaka lilipoegeshwa. Hazisemi lolote kuhusu zile sekunde kumi na kitu lilipokuwa limekanyagwa mpaka mwisho. Mwenye gari anapunguza jeti, anapunguza tena, na baada ya wiki mbili inakuja picha ya pistoni iliyotoboka.

Pistoni ya namna hiyo nimeishika mkononi zaidi ya mara moja. Ukingo wake umeliwa kama mkate ulioachiwa panya, na tundu lenyewe lina midomo laini iliyoyeyuka. Ndiyo maana naandika haya kwa kirefu.

Mfano nitakaoutumia ni Datsun 160J, injini ya L16 ya silinda nne, yenye distributa (kifaa kinachogawa cheche kwa plagi) na kabureta mbili za Weber 40 DCOE, kila moja ikilisha silinda mbili. Injini yako ikiwa nyingine, namba zitabadilika. Mpangilio wa hatua haubadiliki.

Majaribio yote ya kasi yafanyike kwenye uwanja uliofungwa, wenye wasimamizi na gari la wagonjwa. Usiyafanye barabarani, hata saa nane za usiku.

## Vitu vya kuandaa

Usianze mpaka vyote viwe mezani:

- Taa ya taimingi (inayoonyesha cheche inawaka digrii ngapi kabla ya pistoni kufika juu kabisa) na mita ya mizunguko ya injini kwa dakika unayoiamini.
- Kizuizi cha pistoni: plagi ya zamani iliyotolewa kaure na kufungwa bolti ndani yake, ncha yake ikiwa ya mviringo.
- Geji ya presha ya petroli na regyuleta yake.
- Kipima uwiano wa hewa na petroli chenye sensa ya egzosti, kile kinachoonyesha namba kamili na siyo taa za rangi tu.
- Seti tatu za plagi mpya. Kwa L16 ya mbio anza na NGK BP7ES. Kwenye NGK namba ikipanda plagi ni ya baridi zaidi, na BP7ES ni baridi kuliko BP6ES ya barabarani kwa hatua moja.
- Jeti kuu nne za kila saizi: 120, 125, 130, 135, 140. Jeti za hewa (zinazopitisha hewa ya kuchanganya na petroli) 170 mpaka 200. Jeti za pampu (za petroli ya ziada unapokanyaga ghafla) 35, 40, 45.
- Kipima hewa cha kulinganisha kabureta.
- Lenzi ya kukuzia, tochi, daftari, na mtungi wa kuzimia moto ulio karibu na mkono, usiwe ndani ya buti.

Wengi huniambia kipima uwiano ni ghali. Ni kweli, lakini pistoni nne, gasketi na kazi ya kuchonga silinda ni ghali zaidi. Kama fedha hazitoshi, changeni marafiki watatu mnunue kimoja.

## Hatua ya 1: Injini iwe nzima

Pima kompresheni kwenye silinda zote, injini ikiwa ya moto na kabureta zikiwa wazi. Tofauti kati ya silinda ya juu na ya chini isizidi asilimia 10. Rekebisha nafasi za valvu. Badilisha waya za plagi zilizopasuka, na ziba kila mvujo wa egzosti, hasa kabla ya sensa.

Mvujo huo unavuta hewa ya nje, na sensa itakwambia petroli ni pungufu wakati siyo. Utaongeza jeti kutibu ugonjwa usiokuwepo.

## Hatua ya 2: Tafuta sifuri ya kweli

Usiiamini alama iliyo kwenye puli ya krenki. Puli nyingi zina mpira katikati, na mpira ukichoka pete ya nje huteleza. Nimekuta alama iliyosogea digrii nane, na mwenye gari alikuwa ameipangia taimingi kwa mwaka mzima.

Toa plagi zote. Funga kizuizi kwenye silinda ya kwanza. Zungusha krenki kwa spana, taratibu, mpaka pistoni iguse kizuizi, kisha weka alama kwenye puli mkabala na kiashiria. Zungusha upande wa pili mpaka iguse tena, weka alama ya pili. Katikati ya alama hizo mbili ndipo pistoni ilipo juu kabisa. Hiyo ndiyo sifuri.

Onyo: usitumie stata kwa kazi hii. Stata haisikii pistoni ikigusa, nayo itatoboa kichwa cha pistoni kwa bolti yako mwenyewe.

Sasa pima kipenyo cha puli na uchore digrii. Puli ya milimita 130 ina mzingo wa milimita 408.4, kwa hiyo digrii moja ni milimita 1.13. Alama ya digrii 30 itakaa milimita 34 kutoka kwenye sifuri, na ya digrii 34 itakaa milimita 38.6. Tumia tepu laini inayofuata mviringo wa puli, kisha piga mistari kwa rangi nyeupe ya mafuta.

Umefanikiwa ukirudia zoezi lote na kizuizi, na sifuri ikaangukia palepale.

## Hatua ya 3: Ijue distributa yako

Hapa ndipo wasomaji wengi wanapokwama, kwa hiyo nenda taratibu.

Ndani ya distributa kuna vizito viwili na springi. Injini ikipanda mizunguko, vizito vinatanuka na kuwahisha cheche. Taimingi unayoiona kwenye sailensi ni ya mwanzo tu. Inayofanya kazi mguu ukiwa chini ni jumla: ya mwanzo pamoja na ile inayoongezwa na vizito.

Chukua mtu aliyesoma kwamba gari la mbio lianzie digrii 20. Anaweka 20 kwenye sailensi na kufurahi jinsi injini inavyoitika. Lakini distributa yake ya barabarani inaongeza digrii 26 juu ya hapo. Jumla ni 46. Kwenye mizunguko 6,000 mchanganyiko unawaka wakati pistoni bado iko mbali inapanda, presha inaipiga kichwani, na baada ya mwendo mmoja au miwili ukingo wa pistoni unaanza kuyeyuka.

Ipime hivi. Washa injini, iache ipate moto, ziba mpira wa vakyumu kama upo, kisha elekeza taa kwenye puli. Panda taratibu: 1,000, 1,500, 2,000, na kuendelea. Andika digrii kila hatua mpaka alama iache kusogea. Mizunguko iliposimamia, na digrii zilizoongezeka tangu sailensi, ndiyo tabia ya distributa yako.

Kwa robo maili tunataka vizito vimalize kazi kabla ya mizunguko 3,000, kwa sababu baada ya kuondoka injini hairudi tena huko chini. Springi nyepesi zitaleta hilo. Ukitaka kupunguza kiasi kinachoongezwa, ziba sehemu ya tundu linalozuia vizito, ukikumbuka kwamba distributa inazunguka nusu ya kasi ya krenki: digrii 10 ndani ya distributa ni digrii 20 kwenye puli. Makosa ya hesabu hiyo ndogo yameua injini nyingi.

Umefanikiwa alama ikisimama imara kuanzia 3,000 kwenda juu. Ikitetemeka huku na huku, bushi ya distributa imeisha. Itengeneze kwanza, maana hakuna jeti itakayokusaidia.

## Hatua ya 4: Weka jumla ya digrii 30

Shikilia injini kwenye 3,500, zungusha distributa mpaka taa ionyeshe 30, kaza, kisha pima tena, kwa kuwa ukikaza huwa inasogea.

Injini hii yenye valvu mbili kwa silinda mara nyingi hupata nguvu yake kamili kati ya 34 na 36. Tunaanza 30 kwa makusudi. Cheche ikichelewa kidogo gari linapoteza kasi kidogo, na hasara inaishia hapo. Ikiwahi sana, unapoteza injini.

## Hatua ya 5: Petroli ifike, na ifike kwa presha sahihi

Weber DCOE haitaki presha kubwa. Weka regyuleta kwenye psi 3. Ikizidi sana, sindano ya floti (boya linalopima petroli ndani ya kabureta) inasukumwa wazi na petroli inafurika vyumbani, na utaona "jeti kubwa" ambayo haipo.

Kisha pima wingi. Injini ya nguvu za farasi 110 ikikanyagwa mpaka mwisho inakunywa zaidi kidogo ya nusu lita kwa dakika. Chomoa mpira kwenye kabureta, uelekeze kwenye chombo cha chuma chenye alama, na uwashe pampu ya umeme kwa dakika moja. Nataka kuona lita moja au zaidi. Fanya hivyo nje, injini ikiwa baridi, mtu wa pili akiwa ameshika mtungi wa kuzimia moto.

Pima pia kimo cha floti kwa namba ya aina ya kabureta yako, kwani DCOE za zamani na mpya hazifanani. Zote mbili zilingane. Milimita moja ya tofauti itafanya silinda mbili zinywe petroli zaidi ya zile nyingine, nawe utalaumu jeti.

## Hatua ya 6: Linganisha kabureta

Weka kipima hewa kwenye kila tarumbeta (mdomo wa kabureta unaovuta hewa) na urekebishe skrubu ya kuunganisha mpaka kabureta zote mbili zivute sawa. Rekebisha skrubu za sailensi moja moja mpaka injini itulie, na zote nne ziwe zimefunguliwa karibu mizunguko sawa.

Kisha mwombe mtu akanyage mafuta mpaka chini, injini ikiwa imezimwa, huku wewe ukichungulia ndani ya tarumbeta kwa tochi. Vipepeo vyote vinne, yaani vibao vinavyofungua njia ya hewa, vilale sambamba na njia hiyo. Umbali wa milimita tatu tu kwenye kebo umewafanya watu wahangaike na jeti msimu mzima huku gari likipata robo tatu tu ya pumzi yake.

## Hatua ya 7: Jeti za kuanzia

Namba ya jeti ya Weber ni kipenyo chake kwa sehemu za mia za milimita. Jeti 130 ina tundu la milimita 1.30.

Kanuni ya kuanzia ni kuzidisha kipenyo cha venturi (sehemu nyembamba ya njia ya hewa ndani ya kabureta) mara nne. Venturi ya milimita 32 inatoa 128, kwa hiyo 130. Jeti ya hewa iwe kubwa kuliko jeti kuu kwa 50, yaani 180. Mirija ya kuchanganyia iwe F11. Jeti za pampu 40.

Mimi huongeza saizi moja ya usalama kwenye jeti kuu, kwa hiyo mwendo wa kwanza ni 135. Hatua hiyo si ndogo: eneo la tundu linakua kwa karibu asilimia 8.

Kubadilisha jeti kwenye DCOE ni kazi ya dakika tano, na ndiyo sababu naipenda kabureta hii. Fungua nati ya mabawa juu ya kabureta, ondoa kifuniko cha mviringo, na utaona vichwa vya jeti vimekaa jozi jozi. Fungua kwa bisibisi bapa pana inayojaa mfereji wa kichwa. Mrija mzima unatoka ukiwa na petroli inayodondoka, jeti kuu chini na ya hewa juu. Jeti kuu haina nyuzi, imebanwa tu, ivute kwa koleo huku ukiizungusha kidogo.

Injini iwe imezimwa na egzosti isiwe ya moto mkali. Soma namba ya kila jeti kwa lenzi kabla ya kuirudisha, zote nne. Usiamini pakiti, na usiamini jeti iliyowahi kupanuliwa kwa waya na fundi fulani.

## Hatua ya 8: Mwendo wa kwanza

Kila mwendo uanze katika hali moja: joto la maji lilelile, presha ya matairi ileile, kiasi kilekile cha petroli kwenye tanki, na petroli ya kituo kilekile. Ukibadilisha petroli, rudi digrii 30.

Karatasi ya matokeo ina namba mbili zinazokuhusu. Muda unaonyesha zaidi ulivyoondoka, matairi yalivyoshika na ulivyobadilisha gia. Kasi ya mwisho inaonyesha nguvu ya injini. Unaweza kuteleza mwanzoni ukapoteza nusu sekunde na kasi ya mwisho ikabaki karibu palepale. Kwa hiyo taimingi na jeti kuu tunazihukumu kwa kasi ya mwisho, wala si kwa sikio, wala si kwa jinsi kiti kinavyokusukuma mgongoni. Injini yenye petroli pungufu huwa na mlio mkali unaodanganya.

Kwenye kipima uwiano tunatafuta 12.5 mpaka 13.0, yaani sehemu hizo za hewa kwa sehemu moja ya petroli, gari likiwa limekanyagwa mpaka chini. Mwendo wa kwanza nitafurahi kuona 12.0. Nikiona 13.5 na kupanda, naachia mguu palepale.

Jihadhari na namba moja ya uongo. Injini ikimisi, hewa isiyoungua inatoka nzima kwenye egzosti na sensa inasoma kama petroli pungufu. Namba ikiruka ghafla kwenda 16 huku gari linakatakata, tafuta koili, waya au plagi.

### Kusoma plagi

Funga plagi mpya, kimbia robo maili, na ukivuka mstari bonyeza klachi na kata umeme wa injini kwa swichi ya dharura. Liache gari lisimame lenyewe, kisha lisukumwe au livutwe mpaka sehemu ya matengenezo.

Usizime kwa ufunguo. Ukizidisha kidogo usukani unajifunga, na uko kwenye kilomita 130 kwa saa. Kumbuka pia kwamba injini ikizimika, nguvu ya ziada ya breki inaisha baada ya kukanyaga mara chache.

Petroli isiyo na risasi haipaki rangi ya kaki kwa mwendo mmoja, kwa hiyo usiitafute. Tafuta hivi kwa lenzi: pete ya moshi chini kabisa kwenye shina la kaure, ambapo petroli inaacha alama yake, na kwenye mguu wa chuma uliopinda juu ya ncha ya plagi, mstari ambapo rangi ya joto inabadilika. Mstari ukiwa kwenye kona ya mguu, taimingi iko karibu. Ukiwa ncha tu, cheche inachelewa. Ukiwa umeteremka karibu na nyuzi, imewahi mno.

Vidoa vidogo vyeusi kama pilipili manga, au chembe zinazometameta kwenye kaure, ni dalili ya injini inayogonga, yaani mchanganyiko unalipuka ovyo ndani ya silinda. Chembe zinazometa ni alumini ya pistoni yako. Simamisha kazi, punguza digrii 4, na upime kompresheni kabla ya kuwasha tena.

## Hatua ya 9: Jeti kuu na jeti ya hewa

Badilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja, na kimbia mara mbili kwa kila badiliko.

Uwiano ukiwa chini ya 12.5 kuanzia mizunguko 4,000 mpaka mwisho, punguza jeti kuu saizi moja. Jeti kuu inasogeza mstari wote. Ukiwa mzuri katikati lakini petroli inazidi kileleni, acha jeti kuu na uongeze jeti ya hewa, 180 kwenda 190. Ikipungua kileleni, rudisha 170. Jeti ya hewa inagusa zaidi mizunguko ya juu.

Kuna hali moja inayowapoteza hata mafundi wazoefu. Gia ya pili uwiano ni 12.6. Gia ya tatu ni 12.7. Gia ya nne, mita mia za mwisho, unapanda 13.2, 13.6, 14. Wengi wanaongeza jeti kuu. Linganisha kwanza: gia ya pili kwenye mizunguko 6,000 na gia ya nne kwenye mizunguko hiyohiyo. Kama ingekuwa jeti, zingefanana. Zikitofautiana, vyumba vya floti vinakauka na pampu haiwahi kujaza. Rudi hatua ya 5, angalia chujio, mpira uliokunjika na kipumulio cha tanki. Ukiongeza jeti hapo utavimaliza vyumba mapema zaidi.

## Hatua ya 10: Sasa rudi kwenye taimingi

Uwiano ukishatulia, panda kutoka 30 kwa digrii mbili mbili. Matokeo yanaweza kwenda hivi: digrii 30, kilomita 136.4 kwa saa. Digrii 32, 137.9, digrii 34, 138.6, digrii 36, 138.6.

Hapo chagua 34. Digrii mbili za mwisho hazikukupa chochote isipokuwa joto. Nguvu inapatikana pale presha inapofika kilele digrii 15 hivi baada ya pistoni kuvuka juu. Ukiwahisha zaidi, unailazimisha pistoni ipande dhidi ya moto.

Soma plagi kila hatua. Ukisikia mlio kama kokoto ndani ya kopo, umechelewa kusoma. Lakini usiusubiri, kwani ndani ya kofia, tarumbeta nne zikinguruma, hutausikia.

## Hatua ya 11: Kuondoka mstarini

Hili liache la mwisho. Gari likisita na kukohoa kupitia tarumbeta unapokanyaga ghafla, petroli ya pampu haitoshi: panda jeti ya pampu 40 kwenda 45. Likibanwa, likitoa moshi mweusi kisha ndipo liamke, shuka 35. Likiwa sawa, injini inaitika papo hapo bila kimya katikati. Hapa pekee ndipo utahukumu kwa muda wa futi 60 za mwanzo.

## Ukihama mji

Nairobi iko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa karibu asilimia 15. Kabureta haijui hivyo. Gari lililopangwa Mombasa litazidi petroli Nairobi kwa asilimia 8 hivi, na saizi moja ya jeti kuu, 135 kwenda 130, inatosha karibu kabisa. Kule juu pia injini huvumilia digrii moja au mbili zaidi.

Safari ya kushuka ndiyo inayoua. Gari lililopangwa Nairobi likifika pwani lina petroli pungufu na cheche iliyowahi, vyote kwa pamoja, kwenye hewa nzito inayoongeza presha ndani ya silinda. Kabla ya kulishusha kwenye trela, rudisha digrii 30, panda saizi mbili za jeti kuu, na uanzie hatua ya 8.